Wachomaji Majengo Hutafutwa Kwenye Makabrasha

Mpelelezi wa moto akiingia kwenye jengo lililoungua, kwa kawaida huanzia palipoungua kidogo na kusogea palipoteketea. Hutazama jinsi mbao zilivyolika, jinsi moshi ulivyopanda ukutani, na hali ya nyaya za umeme. Kisha huzoa kifusi na kukitia kwenye kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, ili mvuke wa petroli, kama upo, usitoroke kabla ya kufika maabara.

Kazi hiyo ni ya lazima, ila ina mipaka. Joto likizidi hadi chumba kizima kulipuka kwa moto mara moja, sakafu huachiwa mabaka yanayofanana mno na ya mafuta yaliyomwagwa. Huko Marekani wapelelezi walipotoshwa na alama hizo kwa miaka mingi, na wako waliofungwa bila hatia. Mwongozo wa kisayansi, NFPA 921, ulianza kutolewa mwaka 1992.

Kwa hiyo moto unapoandama mji, nyumba baada ya nyumba, majivu peke yake hayatoshi. Lazima tuulize nani ananufaika. Jiji la Boston, hukohuko Marekani, liliulizwa swali hilo na wapangaji wake wenyewe.

Katikati ya miaka ya 1970, majengo ya mtaa wa Symphony Road yaliungua mfululizo. Mtoto mdogo alipofia motoni mwaka 1976, wakazi waliacha kungoja serikali, wakaenda ofisi ya usajili wa hati kupekua mafaili. Waliyoyakuta yalijirudia: jengo bovu, lenye kodi isiyolipwa na amri za ukarabati zilizopuuzwa, linauzwa na kuuzwa tena miongoni mwa watu walewale. Kila likibadilishana mikono bei inapanda, na bima inapanda nayo. Kisha linaungua. Mpango maalumu wa bima ulikuwa umewekwa ili mitaa iliyotengwa na kampuni za bima isikose kinga. Matapeli wakaugeuza mlango wa kuchotea fidia.

Wakazi wakampelekea ushahidi Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Francis Bellotti. Oktoba 1977 watu 33 wakashtakiwa: wenye nyumba, mawakili, watu wa bima, na hata maofisa wa polisi na zimamoto. Hili la mwisho linaniuma kuliko yote, maana mpangaji angepeleka malalamiko yake kwa nani?

Miaka michache baadaye Boston iliungua tena, safari hii kwa sababu nyingine kabisa. Sheria ya mwaka 1980 ilikuwa imebana kodi ya majengo, askari na wazimamoto wakapunguzwa, vituo vikafungwa. Kati ya 1982 na 1984 kundi la vijana waliohusudu kazi za uaskari na uzimamoto, wakiwamo askari na mzimamoto, liliwasha moto zaidi ya mara 200 ili kuutisha umma urudishe fedha. Wazimamoto wengi waliumia. Hapa hapakuwa na fidia ya kufuatilia. Ilibidi wapelelezi wa jiji na wa serikali kuu waunganishe matukio, waangalie saa, mitaa na namna moto ulivyowashwa, hadi wakawafikia wahusika mwaka 1984.

Kwetu, soko la Gikomba jijini Nairobi limeungua mara nyingi. Moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Wafanyabiashara wamelalamika kwamba kuna wanaoitaka ardhi ile. Mimi siwezi kusema kama ni kweli, na wala kamati yoyote ya uchunguzi haiwezi kujua kwa kuzuru majivu na kupiga picha. Kila moto ufunguliwe faili moja litakaloonyesha nani ana hati ya kiwanja, nani aliomba kukiendeleza, kesi gani ziko mahakamani, bima ilikatwa lini na kwa kiasi gani, na moto uliotangulia ulianzia kibanda kipi. Kisha faili hilo liwekwe mahali ambapo mama mwenye kibanda cha mitumba anaweza kuingia na kulisoma bila kuomba ruhusa ya mtu.