Zina la Kizigua na zina ya Kiswahili

Zina huandikwa kwa herufi zilezile katika Kizigua cha Handeni, Kisambaa cha Korogwe na Kiswahili, lakini si neno moja. Kwa Mzigua na Msambaa, zina ni jina. Katika Kiswahili ni vipande viwili vilivyoungana, zi- ya ngeli na -na ya kumiliki: nyumba hizi zina madirisha. Kiarabu nacho kina zina, yaani uzinzi, ambalo Kiswahili kimelipokea na kuliandika zinaa.

Lugha za Kibantu zimetokana na lugha mama moja, na mara nyingi penye j ya Kiswahili, Kizigua na Kisambaa vina z: maji ni mazi, jina ni zina. Basi zina la Kizigua ni ndugu wa jina, ijapokuwa tahajia zao zimetofautiana, wala halina nasaba na zina ya Kiswahili inayofanana nalo herufi kwa herufi. Undugu wa maneno hupimwa kwa sauti zinazolingana katika maneno mengi. Sura ya neno moja haitoshi kuwa ushahidi.

Kaya ina historia nyingine. Mkoani Tanga ni nyumbani, kwa wazee. Ndiyo maana klabu ya Coastal Union huitwa Wagosi wa Kaya, wanaume wa nyumbani. Kwa Wamijikenda wa Kenya, kaya ni makazi ya kale yaliyozungushiwa boma katikati ya msitu mtakatifu, na mwaka 2008 UNESCO iliiweka misitu hiyo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kwa karani wa sensa, kaya ni watu wanaoishi na kula pamoja. Asili ni moja, maana zimepanuka kila upande. Kaya ya Kituruki, yenye maana ya mwamba, ni sadfa tu: maneno mafupi hugongana kwa urahisi.

Maandishi huficha toni pia. Kiswahili sanifu hakina toni za kutofautisha maneno. Kizigua na Kisambaa vinazo. Uchambuzi wa Kizigua uliochapishwa na Michael Kenstowicz na Charles Kisseberth mwaka 1990 unaonyesha kuwa kitenzi cha kuomba, lombeza, kina toni ya juu, ilhali damanya, kutenda, hakina. Tahajia ya kawaida haionyeshi tofauti hiyo. Katika Kilingala, tahajia moto husimamia mtu, kichwa na moto wenyewe. Sikio hutofautisha kwa toni na irabu.