Kipimo cha Akili Kisichotumia Maneno

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, makuruta wengi waliofika kambini hawakujua kusoma, na wengine walikuwa wahamiaji wasiofahamu Kiingereza. Robert Yerkes, bingwa wa elimu ya nafsi aliyepewa cheo cha meja, alitunga pamoja na wenzake vipimo viwili vya akili: Alfa kwa wale wajuao kusoma, na Beta kwa waliosalia. Katika Beta mwonyeshaji alisimama mbele ya ubao, akaeleza kazi kwa ishara za mikono. Kuruta alitakiwa kupitisha penseli katika mchoro wa vichochoro mpaka atokee upande wa pili. Kuhesabu vijisanduku vilivyopangwa rundo, pamoja na vile visivyoonekana. Na kuchora kitu kilichopungua katika picha.

Mtu angedhani kwamba kipimo cha namna hiyo hakimpendelei yeyote. Lakini zitazamwe zile picha 20. Uwanja wa tenisi haukuwa na wavu. Taa ya umeme ilikosa uzi wake wa ndani. Kinanda cha santuri kilikosa pembe yake. Mkulima aliyetoka kijijini Italia, asiyepata kuviona vitu hivyo, angejuaje kilichopungua? Tena walikuwapo walioshika penseli siku ile kwa mara ya kwanza.

Hata hivyo, mwaka 1923 Carl Brigham, mmoja wa waliosimamia vipimo hivyo jeshini, alitoa kitabu akidai kwamba watu wa kusini na mashariki ya Ulaya wana akili haba. Hesabu zake mwenyewe zilisema mengine: wahamiaji waliokaa Marekani zaidi ya miaka 20 walikaribiana kwa alama na wazaliwa wa huko, na waliofika karibuni ndio waliobaki nyuma. Mwaka 1930 aliikana hoja yake hadharani.

Katika Afrika, Robert Serpell wa Chuo Kikuu cha Zambia alilichungua jambo hili kwa njia iliyo nyepesi. Matokeo aliyoyatoa mwaka 1979 yaliwahusu watoto wa Lusaka na wa Manchester, Uingereza, walioonyeshwa maumbo wayaige. Kwa penseli na karatasi, wa Manchester walishinda. Kwa waya, ushindi ulikuwa wa Lusaka. Wala si ajabu, kwani ni mzazi gani wa kambini asiyeyajua magari ya waya yanayosukumwa mlangoni pake, usukani na magurudumu yakiwa kamili? Kwa udongo wa kufinyanga, hawakupitana.