Uzi: Je, serikali imekula pesa za marehemu wetu?

Kila mdahalo wa bajeti ukianza runingani, kuna mmoja atasema serikali imekalia mabilioni ya wananchi pale UFAA. Mwenzake anajibu kwamba hizo ni pesa zisizo na wenyewe, heri zijenge barabara. Wote wawili wanapigiwa makofi. Tulieni kidogo nieleze.

UFAA iliundwa chini ya sheria ya 2011 kushughulikia mali za kifedha zisizodaiwa. Pesa zako zikilala mahali muda fulani bila wewe kuzigusa wala kuziulizia, aliyezishikilia lazima aziwasilishe huko. Akaunti ya benki ni miaka 5. Gawio la hisa, 3. Pesa za kwenye simu, 2. Mshahara ambao hukuuchukua, mwaka 1 tu.

Kabla ya kuzipeleka anafaa akutafute kwa anwani ya mwisho aliyo nayo. Sasa anwani yenyewe ni sanduku la posta la shule uliyofundisha 1996, na laini ya simu ulishaitupa. Utapatikana wapi?

Lakini "hazina wenyewe" si kweli. Zinaingia kwenye mfuko wa amana, na hakuna siku ya mwisho ya kudai. Serikali hapo ni mtunzaji, si mrithi. Kwa hivyo anayesema zimeliwa amekosea sheria, na anayetaka zijenge barabara anapanga bajeti kwa pesa za mama yako.

(Ardhi haimo, tafadhali. Shamba la babu au pikipiki iliyoachwa kituo cha polisi, usiende kuuliza UFAA. Huko ni akaunti, hisa, bima, pensheni na vitu kama hivyo.)

Kuangalia ni rahisi: *361# kwa simu, au ufaa.go.ke, kwa namba ya kitambulisho. Ukipata kitu, unajaza fomu ya madai na kuambatanisha stakabadhi wanazotaka. Sheria inawapa siku 90 kuamua. Ukiwa hai na jina lako halijakosewa, hii kazi si ngumu.

Shida ni marehemu.

Mume wa shangazi yangu alikuwa kati ya wale waliopanga foleni 2008 kununua hisa za Safaricom, shilingi 5 kila hisa. Hundi za gawio zikaja, zikabaki kwa droo, mzee akafariki. Shangazi alijua jina lake liliandikwa kwenye fomu kama jamaa wa karibu, kwa hivyo akaenda na kitambulisho na cheti cha kifo akidhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Jamaa wa karibu ni mtu wa kupigiwa simu. Wa kukabidhiwa mali ni msimamizi wa mirathi aliyeidhinishwa na mahakama. Mara ya mwisho kusikia mwanasiasa akiliambia jukwaa hilo ilikuwa lini?

Sasa hesabu. Barua ya chifu inayotaja warithi wote. Ombi mahakamani. Tangazo kwenye Gazeti Rasmi, na siku 30 za kungoja pingamizi. Kisha kwa kawaida miezi 6 kabla hati haijathibitishwa. Si lazima Mahakama Kuu, hakimu anaweza, na Waislamu wana Kadhi. Hata hivyo kuna nauli, kuna wakili, kuna shemeji mmoja ambaye hataki kutia sahihi mpaka aambiwe yeye atapata ngapi. Shangazi aliangalia lile gawio dogo akaona halilipi hata hiyo safari, akaacha. Alirudi tu alipogundua hisa zenyewe nazo zimepelekwa huko. Huu ni mwaka wa pili, bado yuko mahakamani.

Angejua mapema kuhusu ofisi ya mdhamini wa umma, iliyo chini ya Mwanasheria Mkuu, huenda asingemtafuta wakili. Kazi ya ofisi hiyo ni pamoja na kusimamia mirathi midogo. Ni watu wangapi kijijini kwenu wanajua iko?

Na matapeli wanajua watu wamechoka. Alipigiwa simu na kijana mpole sana, eti ni wakala, anataka shilingi 3,500 "za kufungua faili". UFAA haitozi kitu kupokea madai. Kata simu.

Kwa hivyo wakija tena kuomba kura na hayo mabilioni yao, waulizeni: mwaka jana mjane alingoja muda gani, na wewe utampunguzia vipi? "Pesa ziko wapi" wana jibu lake tayari. Hili hawana.

Leo jioni kaa na mzazi wako mwangalie jina lake pamoja. Mwenye swali aweke hapa chini, ila jamani msiandike namba za vitambulisho hadharani.