Mfungwa Akiugua, Nani Amtibu?

Fungueni madaftari. Leo tutazungumza juu ya jela za Marekani.

Huko jela nyingi ni za serikali za mitaa, ziitwazo kaunti. Wengi waliomo hawajahukumiwa, wanangoja kesi. Fikirini mtu mwenye ugonjwa wa sukari. Akiwa kwake hujitafutia dawa. Akiwa jela, mlango umefungwa. Wasipompa dawa wale waliomfunga, aweza kufa kabla hakimu hajamsikiliza.

Mwaka 1973, katika gereza la jimbo la Texas, mfungwa J. W. Gamble aliangukiwa na robota la pamba, akaumia mgongo. Akashtaki kwamba hakutibiwa ipasavyo. Gamble mwenyewe hakushinda. Lakini mwaka 1976 mahakama ya juu kabisa ilisema hivi: kupuuza kwa makusudi ugonjwa mkubwa wa mfungwa ni adhabu ya kikatili, nayo imekatazwa na katiba. Wanaongoja kesi nao wana haki ya kutibiwa.

Je, nani hulipa? Medicaid, mpango wa serikali wa kuwatibu maskini ulioanzishwa mwaka 1965, kwa kawaida haumlipii mtu aliye jela. Basi mzigo mkubwa huangukia kaunti, yaani kodi za wananchi. Kaunti nyingine huajiri waganga wake. Nyingine hufanya mapatano na makampuni.

Sasa jibuni darasani: Kwa nini anayemfunga mtu ndiye apaswaye kumtibu?