Mkopo Ukiisha, Hakikisha Rehani Imefutwa

Kumaliza kulipa mkopo wa benki na kurudishiwa hatimiliki hakutoshi. Rehani hubaki kwenye sajili ya ardhi hadi hati ya kuiondoa, iliyotiwa sahihi na benki, isajiliwe. Hatua hii isipokamilishwa, mwenye shamba hukwama anapotaka kuuza, na akifariki, mzigo huo huwaangukia warithi.

Wakili huandaa hati hiyo na kuiwasilisha katika ofisi ya usajili wa ardhi. Baada ya hapo, mwenye shamba anashauriwa kuomba upekuzi rasmi ili athibitishe kwamba rehani imefutwa.

Zuio ni jambo tofauti. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 humruhusu anayedai haki katika ardhi, kama vile mnunuzi ambaye hajahamishiwa umiliki, kuliweka. Linaweza kuondolewa na aliyeliweka, msajili au mahakama. Anayeliweka bila sababu ya msingi anaweza kudaiwa fidia mahakamani.

Wananchi wasiomudu gharama za wakili wanaweza kuomba usaidizi kutoka kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.