Binamu yangu yuko KDF, mimi nilikuwa maandamanoni

Oktoba 2011 nilikuwa darasa la saba. Barabara ya kutoka Thika kwenda Garissa inapita katikati ya mji wetu wa Mwingi, na siku hizo malori ya jeshi yalikuwa yakifuatana kama siafu. Kenya ilikuwa imeanza operesheni ya Linda Nchi na wanajeshi walikuwa wakielekea upande wa Somalia. Mimi na binamu yangu tulisimama kando ya lami na sare zetu za shule, tukawapungia mikono hadi mabega yakauma. Baadhi yao walitupungia pia.

Usiku huo binamu alisema atakuwa mwanajeshi. Nami nikasema, hata mimi.

Baada ya kidato cha nne tulijaribu bahati yetu. Kama umekulia Ukambani, unaijua siku ya kusajili makurutu. Kabla jua halijachomoza uwanja umejaa vijana, kila mmoja na bahasha ya kaki kwapani. Mnavua mashati, mnapimwa kimo na uzani, mnakaguliwa meno na nyayo, kisha mnatimua mbio. Mwanamume alihitaji kimo cha mita 1.60 na uzani wa kilo 54.55. Kimo nilikuwa nacho. Uzani niliusaidia kwa ndizi sita na maji ya karibu lita mbili, lakini mizani haikudanganyika. Binamu akapita. Alinunuliwa sanduku, akaenda Eldoret kwa mafunzo. Mimi nikashika basi la Nairobi kutafuta chuo.

Tangu hapo akija livu tunakaa na mtu tunayemjua nusu. Anaamka saa kumi usiku hata kama hana kazi. Hotelini anachagua kiti kinachotazama mlango. Watu wa mtaa nao wana maswali mawili tu kwake. La kwanza, "Afande, utatuachia ngapi?" La pili, "Umeshaua wangapi?" La kwanza anacheka na kutoa mia mbili ya chai. La pili hajawahi kulijibu, na sijawahi kusikia mtu akimuuliza la tatu.

Kisha ikafika Juni 25, 2024.

Sitasimulia upya siku hiyo. Wengi wenu mlikuwa hapo, au mliifuata kwenye simu. Nilikuwa katikati ya jiji na wenzangu tukipinga Mswada wa Fedha. Bunge lilipovamiwa na risasi kulia, tulikimbia kila mtu kivyake. Jioni Waziri wa Ulinzi wakati huo, Aden Duale, akatangaza kwenye gazeti rasmi la serikali kwamba KDF inaingia kusaidia polisi.

Saa tatu usiku shangazi akapiga simu kutoka Mwingi.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Niko kejani, shangazi. Niko salama."

"Na mwenzako yuko wapi?"

Sikujua. Hakuna aliyejua. Simu yake ilikuwa imezimwa tangu jana yake. Shangazi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nimeomba Mungu msikutane."

Maneno hayo yalinikosesha usingizi. Mimi nilikuwa nimehesabu hatari moja tu, yangu. Yeye alikuwa na watoto wawili kwenye mtaa mmoja, mmoja na bango na mwingine na bunduki.

Siku iliyofuata Bunge la Taifa liliidhinisha hatua hiyo. Chama cha Mawakili kilikwenda kortini. Mahakama Kuu haikuwaondoa wanajeshi barabarani, lakini iliagiza serikali ieleze hadharani watafanya kazi gani, wapi na kwa muda gani. Binamu yangu, tulikuja kujua, hakuwa Nairobi kabisa. Lakini wiki nzima grupu ya familia ya WhatsApp ilinyamaza. Hakuna aliyetaka kuunga mkono maandamano na kumkosea yeye, wala kusifu jeshi na kunikosea mimi.

Kuna jambo ambalo nililijua baadaye nikalicheka. Mojawapo ya barabara nilizokimbilia siku ile inaitwa Muindi Mbingu. Nimeipita mara mia bila kumuuliza mwenye jina.

Mwaka wa 1938 serikali ya mkoloni ilikuwa ikiwanyang'anya ndugu zetu wa Machakos ng'ombe kwa lazima, ikidai mifugo imezidi na ardhi inachakaa. Wanyama wakapelekwa kiwanda cha nyama cha Liebig's kule Athi River. Muindi Mbingu akaongoza watu, akina mama na watoto wakiwemo, wakaja Nairobi kumtafuta gavana na kupiga kambi. Alikamatwa akapelekwa Lamu. Hata hivyo, kabla mwaka haujaisha, serikali ililegeza kamba na kuacha kuuza ng'ombe kwa lazima.

Kwa nini ilegeze? Sababu mojawapo ni kwamba Wakamba walikuwa wengi sana katika jeshi la KAR na katika polisi. Vita vilikuwa vinanukia Ulaya, na mkoloni aliogopa kuwaudhi wazazi wa askari wake. Askari alikuwa kambini lakini ng'ombe waliochukuliwa ni wa baba yake. Kambi na kijiji vilijuana.

Ukuta ulijengwa baadaye, na ulikuwa na sababu zake. Januari 1964, wiki chache tu baada ya uhuru, wanajeshi waliasi kambini Lanet na Waingereza wakaitwa kuwazima. Agosti 1, 1982, jeshi la angani likajaribu kupindua serikali. Ni rahisi kuelewa kwa nini wakubwa walitaka mwanajeshi akae mbali na siasa. Mimi pia nataka hivyo. Ukitazama Sudan leo utaona kinachotokea majenerali wakigombania nchi.

Lakini kukaa mbali na siasa si sawa na kukaa mbali na watu. Gharama ya umbali huo wa pili tuliiona Januari 15, 2016, Al-Shabaab waliposhambulia kambi ya KDF huko El Adde. Familia nyingi zilikaa siku kadhaa zikitafuta jina kwenye mitandao, zikiogopa kufungua picha. Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alisema waliouawa walikuwa kati ya 180 na 200. CNN ikahesabu angalau 141. Serikali yetu ilipinga idadi hizo lakini haikutoa yake kamili. Kule kwetu majeneza yalipofika tuliona bendera, tukasikia mizinga ya heshima, tukala chakula cha matanga, tukaenda nyumbani. Hakuna aliyeuliza swali, kwa sababu ya jeshi hayaulizwi.

Krismasi ya 2024 tulikutana Mwingi. Ndengu zilikuwa zimeanza kutoa maganda na shangazi alikuwa anapika muthokoi. Tulikaa chini ya mwembe, na safari hii yeye ndiye aliyeanza.

"Siku ile ulikuwa wapi hasa?"

Nikamwambia. Nikamtajia barabara, duka tulilojificha, na vile moshi unavyokaba koo. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha nikauliza swali langu la tatu.

"Na wewe ungeambiwa uje town?"

Alichukua muda. "Ningekuja. Amri ni amri." Halafu akaongeza, "Lakini ningeomba usiwe hapo."

Nikatoa simu nikamsomea Katiba, Ibara ya 239, inayosema vyombo vya usalama wa taifa viko chini ya mamlaka ya raia. Nikamsomea pia ya 241, kwamba jeshi haliwezi kutumwa kurejesha amani nchini bila idhini ya Bunge la Taifa. Nilidhani nimempata. Akacheka.

"Hiyo tunafundishwa, msee. Nyinyi ambao tuko chini yenu, mnaijua?"

Sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe niliisoma Juni, baada ya malori kuingia mjini. Mbunge wangu alipigaje kura siku ile? Sikuwa nimefuatilia.

Tuliongea hadi giza likaingia. Mambo ya kazi yake hakuyasema, wala sikuyachimba. Alinieleza kuhusu rafiki aliyemzika, na vile anavyochukia kuitwa afande na mama yake. Mimi nilimwambia kwamba kwa miezi sita nilikuwa ninamwogopa.

Aliondoka tarehe mbili Januari. Pale steji, kabla ya kupanda gari, aliomba simu yangu akaandika namba ya mwenzake wa kambini.

"Ukisikia kitu kwenye habari," akasema, "usianze na Twitter. Piga hii kwanza, halafu umwambie mama."