DAWA BILA CHAKULA NI NUSU YA TIBA

Ndugu wafanyakazi wa Busia, Malaba na Tororo,

Kifua kikuu tunakijua. Kinawapata wapakuaji wa mizigo, madereva wa malori na vijana wa bodaboda, kazi ambayo jina lake lilizaliwa hapa hapa mpakani. Dawa ni bure katika hospitali za serikali, Kenya na Uganda, na kwa kawaida humezwa miezi 6. Hata hivyo bado tunazika wenzetu. Sababu mojawapo ni njaa.

Ugonjwa huu hula mwili. Homa humaliza nguvu na hamu ya chakula hupotea. Mwili uliokonda hauna uwezo wa kupigana, hata ukipewa dawa nzuri.

Huko India, katika jimbo la Jharkhand, madaktari waliwapa wagonjwa 2,800 dawa pamoja na kilo 10 za chakula kila mwezi: mchele, unga wa dengu, maziwa ya unga na mafuta. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023. Mgonjwa aliyeongeza asilimia 5 ya uzito katika miezi 2 ya kwanza, hatari yake ya kufa ilikuwa ndogo kwa asilimia 61. Yaani mtu wa kilo 40 aongeze kilo 2 tu!

Sasa tazameni sheria. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mgonjwa angalau siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara katika miezi 12. Uganda, sheria ya 2006 inampa mshahara wa mwezi mmoja. Mwezi wa pili ukiisha naye bado anaumwa, mwajiri aweza kumwachisha kazi. Na kibarua wa kutwa je? Asipobeba gunia leo, nyumbani hawali leo. Basi mgonjwa anapohitaji chakula zaidi, ndipo sufuria inapokauka.

Kwa hiyo kila tawi, linapojadili mkataba na mwajiri, lidai mambo matatu:

1. Mgonjwa wa kifua kikuu asiachishwe kazi mpaka amalize dawa.
2. Apewe posho ya chakula miezi yote ya matibabu.
3. Vibarua wahesabiwe pia.

Nawe mgonjwa, panda mizani kila uendapo kliniki, uzito uandikwe. Kula maharage, dagaa, karanga, mayai ukiyapata, na uji wa wimbi. Uzito ukishuka, mwambie mganga na mwambie katibu wa tawi lako.

Umoja wetu uanzie kwenye sahani ya mwenzetu mgonjwa.